Nani Kabeba Miche?

Siku Minza Bujiku alipoingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba chetu cha mitambo pale Iringa, alitukuta tunapongezana. Liberatus, mwenzangu wa kazi, alikuwa na soda mkononi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kile kicheko changu cha mshindi ambacho mama yangu mzazi hakipendi. Kadi yetu ya kompyuta ilikuwa imemaliza hesabu za mafuriko ya bonde zima la Usangu kwa dakika sita. Wenzetu wa Mbeya, na ile kompyuta yao kubwa wanayoitambia, walikuwa wametumia zaidi ya saa mbili. Nani tena wa kutufikia?

Yeye akasimama mlangoni, miguuni buti za mpira zenye tope lililokauka, begi mgongoni, akaitazama ile namba tuliyoiandika ubaoni kwa maandishi makubwa. Haikumtisha hata kidogo.

"Hongereni," akasema. "Sasa nani kabeba miche?"

Liberatus akamwuliza miche gani. Minza akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, akatueleza. Kwao Ubaruku mpunga hauanzii jarubani, unaanzia kitaluni. Miche inang'olewa, inafungwa mafungu, inabebwa hadi shambani, ndipo watu wainame wapandikize. Kikundi kikijisifu kwamba kimejaza jaruba kwa asubuhi moja, swali la kwanza wanaloulizwa ni nani aliwabebea miche. Kama ilibebwa na watu wengine tangu jana, basi hiyo si asubuhi moja.

"Kadi yenu imepanda kwa dakika sita, sikatai," akasema. "Lakini data za mvua zimetoka kwenye kompyuta zikaenda kwenye kadi, zikarudi, zikaenda tena. Huo muda nyie mmeuhesabu?"

Hatukuuhesabu. Tulikuwa tumewasha saa kadi ilipoanza kupiga hesabu na kuizima ilipomaliza, kama wafanyavyo wengi. Tukarudia kazi mbele yake, safari hii saa ikianza pale taarifa ya mvua inapoingia na kusimama pale ujumbe wa simu kwa wakulima unapokuwa tayari kutumwa. Ikasoma saa moja na nusu. Liberatus akaiweka soda mezani polepole. Mimi nilikasirika hadi nikasahau kumkaribisha mgeni chai, jambo ambalo kwetu Iringa ni aibu, na huyo mgeni alikuwa amesafiri kutoka Mbeya asubuhi ile ile.

Nikamwuliza yeye kule Mbeya, kwenye mtambo wake, anahesabuje. Akasema anahesabu kuanzia kitaluni, na ndiyo maana ana saa mbili na ushee na haoni haya kuzitaja. Hapo nikaanza kumpenda, ingawa sikumwambia.

Minza ni Msukuma wa Usangu. Babu yake aliteremka na ng'ombe kutoka Maswa enzi ambazo nyasi za bondeni zilimzidi mtu kimo. Baba yake akageukia mpunga. Mama yake, Leokadia, anaongoza kikundi cha wanawake wa kupandikiza ambacho kila mwenye shamba pale Ubaruku anakigombania. Minza amekulia kwenye tope, na amekua akipima. Aliwashindanisha ng'ombe wa kulimia wa baba yake na wa jirani. Alizishindanisha mashine za kukoboa mpunga. Aliwahi kushindanisha sufuria mbili kwenye mafiga tofauti mpaka mboga ya wageni ikaungua. Alipofika chuoni Mbeya na kukuta kuna watu kazi yao ni kuzishindanisha kompyuta, alijisikia, kwa maneno yake mwenyewe, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya soko.

Kazi yetu naweza kuieleza hivi. Ramani ya bonde imekatwa kuwa miraba midogo mno, mingi kupita kiasi. Kila mraba una swali lake: maji yangu yamefika wapi, na jirani ananiletea kiasi gani? Ukimpa mtu mmoja ajibu moja moja, atazeeka kabla hajamaliza, kwa hiyo unawagawia wengi wajibu kwa wakati mmoja. Kompyuta ya Mbeya ina viini zaidi ya mia ndani yake, yaani wafanyakazi wachache kiasi, ila kila mmoja ana akili zake. Kadi yetu, ya jamii ile ile vijana wanayochezea gemu, ina maelfu ya wafanyakazi wadogo wasiojua mengi, lakini ukiwaamuru wote jambo moja wanalifanya kwa mkupuo. Kisha kazi nzima inarudiwa kwa makisio mengi ya mvua, maana mvua ya milima ya Kipengere haina adabu, inaweza kukudanganya. Hapo ndipo muda unapoishia.

Na muda ndio uliokuwa unamnyima Minza raha. Msimu uliotangulia mvua kubwa ilinyesha milimani mchana, huku Ubaruku jua likiwaka kama kawaida. Kompyuta ilichukua muda wake. Ujumbe wa tahadhari, alioandika Minza mwenyewe, uliingia kwenye simu za watu wakati maji yameshawafikia. Mama Leokadia na kikundi chake waliusomea juu ya kichuguu, wamebanana, sketi zimelowa, na walikaa hapo hadi walipokuja kuchukuliwa kwa mtumbwi. Hakufa mtu. Lakini mama alimpigia bintiye simu akiwa bado juu ya kichuguu akamwambia, "Mwanangu, huu wako si utabiri. Hii ni rambirambi."

Kila alipoisimulia Minza alicheka, na kila mara kicheko kilikatika kabla hakijafika mwisho.

Mzee Sifaeli, mkuu wa mradi wetu wa maji, alikuwa ameamua kwamba kabla mvua hazijakolea mitambo miwili ipambanishwe Mbeya, chumba kimoja, kwa wakati mmoja, mbele yake. Ujumbe utoke ndani ya saa moja tangu taarifa ya mvua kuingia. Mtambo utakaoweza ndio utakaopewa kazi ya kuchunga bonde. Usipoweza hata mmoja, basi alisema hatawasumbua tena wakulima kwa rambirambi. Neno lilikuwa limeshamfikia.

Basi tukawa mahasimu, mimi na Minza, na kila siku tulipigiana simu kutambiana. Yeye alisema watu wa Iringa tumezoea baridi ndiyo maana na mitambo yetu inaganda. Mimi nilimwambia Mbeya mmejaza viini mia na kitu kwenye boksi moja na bado mnasukumana kama watu kwenye foleni ya sukari. Nilikuwa nafurahia kazi kuliko nilivyowahi kufurahia tangu niajiriwe.

Jumamosi moja akanialika kwao. Alisema mtu anayetabiria tope lazima alikanyage. Nikaenda, nikamkuta Minza ananisubiri stendi ya Rujewa, tukamalizia safari kwa bodaboda mbili, mpunga kulia, mpunga kushoto, hadi Ubaruku.

Mama Leokadia ni mwanamke mrefu, mkimya mpaka aanze. Nilimsalimia "kamwene" ya kwetu, akaniitikia "mwangaluka" ya kwao, tukaelewana. Kisha akanikabidhi fungu la miche.

Wanapandikiza kwa kamba. Kamba inavutwa kukatiza jaruba, wanawake wanajipanga nyuma yake, kila mmoja na kipande chake, wanapanda mstari, na wote wakimaliza kamba inasogezwa nyuma hatua moja, wanaanza mwingine. Na Mama Leokadia ana sheria ambayo kikundi chake kinajulikana nayo mpaka ng'ambo ya mto: vipande ni sawasawa. Anavipima kwa fimbo yake mwenyewe. Awe mzee, awe mjamzito, awe mgeni kutoka Iringa mwenye kucha zilizopakwa rangi, kipande ni kile kile. Anasema ndiyo sababu kikundi chake hakijawahi kugombana.

Unaweza kukisia kilichotokea. Mstari wa kwanza wote walimaliza, wakanyoosha migongo, wakanitazama. Mimi nilikuwa nusu. Mstari wa pili vilevile. Kipande changu kilikuwa kimeangukia pembe yenye shimo, maji yananifika magotini, mche nikiuchomeka unaelea. Kamba haikuweza kusogea kwa sababu yangu.

"Huyu mgeni wetu anapanda au anaandika barua?" akauliza mmoja, na jaruba zima likaangua kicheko, mimi nikiwamo.

Mstari wa tatu Minza alimaliza chake, akaona aibu inavyonitafuna, akahamia upande wangu na kuanza kunimalizia.

"Minza, rudi kwako," mama yake akasema bila kupandisha sauti. "Kila mtu na chake."

"Mama, kwake kuna shimo. Kwangu ni tambarare."

"Kipande ni kipande."

Minza akainuka arudi, akasimama ghafla na miche mkononi. Akautazama ule mstari wa wanawake walionyooka wakingoja. Akanitazama mimi. Akatazama tena mstari.

"Dada Tekla," akasema, "mimi nimevigawia viini vyangu kama mama anavyogawa kamba."

Sikumwelewa palepale, nilikuwa nahangaika na mche unaoelea. Lakini yeye alishaanza kuongea mfululizo. Alikuwa amelikata bonde vipande vilivyo sawa, kila kiini kipande chake, kwa haki, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Ila bonde halina haki. Viini vilivyopata nchi kavu vilimaliza mara moja na kunyoosha mgongo. Vile vilivyoangukia mtoni na kwenye majaruba yaliyojaa vilikuwa vinahangaika magotini kama mimi. Na hakuna aliyeweza kusogea mpaka wa mwisho amalize. Kwa miezi alikuwa akiitafuta hitilafu kwenye mtambo, kumbe mtambo hauna neno. Zaidi ya mia wamesimama wanawangoja wachache, na aliyepanga hivyo ni yeye, kwa adabu aliyolelewa nayo.

"Sasa utafanyaje?" nikamwuliza.

"Nitapendelea," akasema, akitabasamu kama mwizi. "Mwenye kavu nitampa eneo kubwa, mwenye maji dogo. Na anayewahi kumaliza, akamsaidie jirani. Mama asijue."

Mama alikuwa ameshasikia kila kitu. Akasema kwenye kompyuta wafanye wanavyotaka, kwenye jaruba lake kipande ni kipande, na sasa wote tuiname.

Mimi hitilafu yangu niliipata nikiwa nimeketi ukingoni, nimetolewa kazini kwa huruma na kupewa viazi vitamu. Wanaume wawili walikuwa wanabeba miche kutoka kitaluni. Wenyewe hawakuwa wanakwenda na kurudi kwa kila mstari. Walikuwa wamekuja mara moja na mzigo mkubwa, wakayatupa mafungu huku na huko ndani ya jaruba, kila mpandaji akalikuta la kwake miguuni, kisha wakaenda kukaa kivulini. Nikasahau kutafuna. Programu yetu ya Iringa ilikuwa inazirudisha data kwenye kompyuta baada ya kila hatua ya hesabu na kuzipeleka tena kwa hatua inayofuata. Sijui tulikuwa tunaogopa nini. Nikampigia Liberatus palepale, vidole vimejaa tope. Akasema neno la Kihehe ambalo sitaliandika.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu. Minza alinitumia namba zake, nikamtumia zangu, zikawa zinashuka kila kukicha. Akifika saa moja na robo mimi nafika saa moja na dakika kumi. Nikimpita ananipigia asubuhi kabla sijaswaki kuniambia amenipita tena. Liberatus alilalamika kwamba siku hizi naimba ofisini.

Siku ya mpambano nilisafiri kwenda Mbeya na kadi yetu mapajani, imeviringishwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga, Liberatus pembeni yangu akiichunga. Tuliifunga kwenye kompyuta ndogo, tukaiweka meza moja na mtambo wa Minza. Nje mji ulikuwa na shughuli zake, malori ya Zambia yanaunguruma barabara kuu, anga nyeupe. Mzee Sifaeli alifika amevaa koti, akaketi, akaweka mbele yetu saa yake kubwa ya mezani ya kupimia muda. Data za majaribio zilikuwa tayari, zile za mafuriko ya msimu uliopita.

Kabla hajabonyeza, kengele ya vituo vya mvua ikalia kwenye simu ya Minza. Akaisoma. Akampa mzee. Kipengere ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na vipimo vya juu vilikuwa vimefika pale ambapo mwaka jana vilifika mchana.

Mzee Sifaeli akairudisha simu. "Acheni ya jana," akasema. "Chukueni hii."

Nilimwona Minza anaigeukia ramani. Alijua mama yake yuko wapi. Ilikuwa siku ya kupanda majaruba ya chini kabisa, yale yanayopakana na mto, na kikundi kizima kilikuwa humo tangu asubuhi.

"Tugawane makisio," nikamwambia. "Yenye mvua kubwa nipe mimi, maji yakijaa kote kadi yangu ndipo inapopenda. Yenye kavu nyingi baki nayo."

"Nusu kwa nusu?"

"Pendelea," nikasema.

Tukapendelea. Viini vyake vikaanza kuunguruma hadi feni ikapiga kelele, kadi yangu ikapata moto mpaka Liberatus akaipepea na faili. Majibu yakaanza kuingia moja moja, bluu juu ya ramani, na kila lilipoingia bluu ilikuwa imefika karibu zaidi na Ubaruku. Hakuna aliyeketi. La mwisho lilipoingia Minza aliandika ujumbe kwa kidole kimoja: maji yatafika majaruba ya chini alasiri, tokeni sasa. Ukaenda kwa watu wote. Kisha akampigia mama yake, akaweka sauti ya simu juu.

"Mama, umeona ujumbe?"

"Nimeuona. Minza, huku jua linawaka mpaka kichwa kinauma. Wingu hakuna hata la dawa."

"Najua, mama. Liko milimani."

Tulisikia nyuma yake wanawake wanaongea, mmoja anacheka na kusema hiyo si ile rambirambi ya mwaka jana. Minza alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Nikiwatoa hawa sasa hivi na maji yasije," mama akasema, "hakuna atakayenifuata tena msimu huu. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Una hakika wewe?"

Minza akaitazama ramani. Nilidhani atasema mtambo una hakika, au makisio mengi yanaonyesha hivi na hivi. Akasema, "Nimehesabu kuanzia kitaluni, mama."

Simu ikakatika.

Sijawahi kuona mchana mrefu kama ule. Mzee Sifaeli aliagiza chai, ikapoa. Tulijaribu kumpigia, simu haipokelewi. Liberatus, ili tu aseme kitu, akauliza kazi ilichukua dakika ngapi. Tukatazamana. Ile saa kubwa ya mezani ilikuwa bado kwenye sifuri. Watu wanne tuliokutana kwa ajili ya kupima muda, hakuna aliyekumbuka kubonyeza. Mzee Sifaeli alianza kucheka kwanza, akavua miwani akaifuta, na akasema mitambo yote miwili itabaki meza hiyo hiyo, ushindani tuutafutie mahali pengine.

Minza hakucheka. Alikuwa dirishani, simu mkononi, anaangalia upande wa bondeni ambako kutoka Mbeya mjini huwezi kuona chochote.

Ilipoita alichelewa kuipokea kwa woga. Akaweka sauti juu. Kwanza tulisikia kelele tu, ng'ombe, wanawake wanaitana majina, na nyuma ya vyote mngurumo mmoja usiokatika.

"Minza." Sauti ya mama ilikuwa tulivu. "Yamekuja. Majaruba ya chini hayaonekani. Tumesimama huku juu kanisani, tunayatazama yanavyopita."

"Mko wangapi hapo, mama?"

"Sote. Aliyecheka pia yupo, amenyamaza." Akavuta pumzi. "Maji yamechukua kamba tu. Mwambie yule mwenzio wa Iringa, sasa hana tena cha kutuchelewesha."

Minza akakaa chini sakafuni, pale pale kati ya meza mbili, akalia na kucheka kwa pamoja, na safari hii kicheko kilifika mwisho wake. Mimi nikakaa naye. Kesho yake asubuhi, kabla ya kurudi Iringa, nilipitia soko la Mwanjelwa nikanunua kamba mpya, nene, ndefu kuliko ile ya kwanza, nikampa Minza ampelekee mama yake.